Picha Ilikaa Mbele

Mwalimu Marselino hakuitikia salamu ya kwanza. Ukimsalimu mara moja alipita kama hakusikia. Ukirudia, alisimama, akakutazama kuanzia miguuni, kisha akasema "Marahaba," hata kama hukumwamkia shikamoo. Mimi Apolonia nilimzidi umri kwa miaka mingi, nimezika mume na kulea watoto, lakini kila asubuhi niliposema "Habari za kuamka, mwalimu," nilipewa marahaba ambayo sikuiomba.

Alikuwa mtu wa Ushirombo, Msumbwa kama mimi. Alisoma seminari mpaka wakamrudisha nyumbani. Sababu hatukuambiwa. Yeye alisema wito ulibadilika. Alirudi na Kilatini kidogo, viatu vyeusi, na shingo iliyokaza kama ya jogoo anayesikiliza radi, akapewa kazi ya kufundisha shule ya msingi nje kidogo ya Masumbwe. Nyumba yake aliijenga kwa matofali ya kuchoma mbali na watu, ng'ambo ya mbuga, kwa maelezo kwamba hawezi kusoma huku watu wanatwanga. Jirani yake nilikuwa mimi peke yangu, na si kwa kupenda kwake. Shamba langu lilikuwa pale kabla yake.

Mke alimtoa Mhunze, kwa Wasukuma. Paskazia binti Masele alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na alitoka katika boma ambalo mifugo ikipita asubuhi vumbi halitui mpaka jua liwe kali. Hakuwa mnyonge. Alidharau watu waliofuga mbuzi tu, alidharau wanaume wasiojua kukamua, na alitudharau sisi Wasumbwa kwa jinsi tunavyopika mlenda. Siku moja nilimwuliza alichokiona kwa mwalimu. Aliendelea kupepeta karanga zake, halafu akasema, "Mayu," ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, "alivyokuwa anazungumza nilidhani kuna kitu ndani."

Kilichokuwa ndani ya nyumba ile ni picha.

Alipewa na Padri Gerardi, Mfaransa mzee aliyemfundisha seminari, siku padri huyo aliporudi kwao kwenda kufa. Marselino alisema ilichorwa Ufaransa kabla babu wa babu yake padri hajazaliwa, na kwamba mchoraji alitumia chaki tu, nyekundu kwa miili na nyeupe kidogo pale mwanga unapopiga. Nyekundu yenyewe ilikuwa kama udongo wa kichuguu. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai, ikawekewa kioo na fremu nyeusi, na ukubwa wake ulikuwa kama mlango wa dirisha. Aliitundika sebuleni mahali ambapo nyumba nyingine zilitundika Moyo Mtakatifu.

Niliiona mara ya kwanza siku nilipokwenda kuazima chekeche. Nilisimama kuitazama, na sikatai, mkono uliochora ulijua kazi. Mji wa mawe ulikuwa unaungua. Mbele yake mwanamume wa Kirumi wa zamani, kifua wazi, mapaja wazi, shuka moja imepeperuka begani, alikuwa anakimbia na sanamu amezikumbatia kifuani. Misuli ya miguu yake ungeweza kuishika. Nyuma yake alikuja mwanamke na mtoto, lakini mwanamke hakumaliziwa. Uso ulikuwepo, na mkono mmoja umenyooshwa kumwita mtu. Chini ya kiuno palikuwa na mistari michache tu, kama mchoraji aliitwa kwenda kula.

"Huyu hana miguu," nikasema.

Marselino alicheka kwa pua. "Mama Apolonia, hiyo ni sanaa. Jicho la mtu aliyesoma linammalizia lenyewe."

Paskazia alikuwa mlangoni, mtoto wao Limi mgongoni, bado anatambaa wakati ule. "Na huyo mume wake kabeba nini?"

"Miungu ya nyumbani kwao. Vitu vitakatifu vya ukoo. Mji unaangamia, yeye anaokoa kilicho cha juu."

"Na mtoto kambebesha mwenye kukosa miguu."

"Paskazia," alisema mwalimu, polepole, kama anamsomea imla mtoto wa darasa la pili, "kuna mambo ambayo mtu wa zizini hawezi kuyaona hata akionyeshwa kwa kidole."

Paskazia alimtazama mumewe namna mfugaji anavyomtazama ndama aliyezaliwa na kasoro, akijiuliza kama inafaa kumtunza. Kisha akaniletea chekeche.

Mwaka wa sabini na nne ukaja na operesheni ya vijiji. Mikutano ilifanyika chini ya mwembe wa ofisi ya kata, na kila mtu alikwenda kusikia atahamia wapi na siku gani. Marselino hakwenda. Katibu kata alikuwa kijana aliyeishia darasa la saba, na mwalimu alishamwita mbele ya watu mjinga mwenye mhuri. Nilimwambia kwa heshima zote, "Mwalimu, nenda ukasikilize, wamesema nyumba zote za ng'ambo ya mbuga zitavunjwa." Akanijibu kwamba serikali haiwezi kumhamisha mwalimu kama inavyohamisha wakulima, na kwamba mimi nikafunge vyungu vyangu nimwache asome.

Asubuhi ile mgambo walipokuja, mimi nilikuwa tayari. Vyungu vyangu vilikuwa vimefungwa, kuku wamo ndani ya tenga. Yeye walimkuta anakunywa chai. Alitoka na kikombe mkononi, akawauliza kama wanajua wanazungumza na nani. Wakamwambia wanajua. Mmoja akapanda juu akaanza kung'oa bati.

Lori la kwanza lilisimama penye njia panda. Lilikuwa limeshabeba madawati ya shule, na juu ya madawati wakarundika kitanda cha mwalimu, meza yake, na sanduku la vitabu. Nafasi ya mtu kukaa vizuri nyuma haikubaki. Mawingu yalikuwa mazito upande wa Geita, na upepo wa mvua ulishaanza. Dereva, mtu mnene mwenye kofia ya sufu, alimwona Paskazia na mtoto akafungua mlango wa mbele.

"Mama mwenye mtoto aje hapa. Nafasi ni moja."

Marselino akapita mbele ya mkewe. Alikuwa ameivika picha blanketi la mtoto, amelifunga kwa kamba ya katani. Akapanda, akakaa, akaiweka magotini.

"Mwalimu," dereva akasema, "nimesema mama."

"Nimekusikia. Hii haiwezi kukaa nyuma, mvua itaiharibu."

"Hii ni nini?"

"Hata nikikueleza hutaelewa."

Dereva alimgeukia Paskazia, nadhani akitegemea atapiga kelele. Sisi wote tulitegemea. Paskazia alikuwa na sauti ya kusikika vilima vitatu. Lakini alisimama tu na Limi begani, blanketi la mtoto likiwa mle ndani limefunika mapaja ya Mrumi.

"Utakuja na la pili," Marselino alimwambia kupitia dirishani. "Ni hapo tu, karibu na shule."

"Sawa, mwalimu," Paskazia akasema. Mpaka siku ile alikuwa anamwita Baba Limi.

Lori la pili lilikuja alasiri, mvua ikiwa imeshatunyeshea vya kutosha. Tulipanda pamoja, yeye na mimi na watu wengine wa ng'ambo ya mbuga. Tulipofika barabarani lilikata kushoto. Watu wakagonga bodi, wakapiga kelele kwamba shule iko kulia. Mgambo mmoja akasema kijiji cha shuleni kimejaa, tunapelekwa kingine. Kingine hicho kilikuwa msitu. Lori lilikwenda mpaka njia ikaisha, likatushusha kwenye miti iliyopigwa alama za chokaa, likageuza. Mahali hapo hapakuwa na jina. Sisi wenyewe tulipaita Mwisho wa Gari, na watu wengine wanapaita hivyo hadi leo.

Tulilala chini ya turubai la mtu. Limi, kwa kuwa hakuwa na cha kujifunika, alipata homa, akawaka siku kadhaa mpaka midomo ikapasuka. Tulimfunika kwa kanga zangu, tukamkanda maji, tukamnywesha majani tuliyoyajua. Paskazia hakulia. Kila lilipotokea gari au baiskeli mbali alinyanyua kichwa, akakiinamisha tena. Baada ya muda akaacha kukinyanyua. Mtoto alipona. Tukakata miti, tukasimamisha vibanda. Binti yule wa Masele, aliyekuwa akinicheka nikichanganya udongo wa kukandika, alikandika ukuta wake mwenyewe na kunisaidia wangu, na nilipomsifu alisema ukuta wangu bado umepinda.

Marselino alikuja mahindi yakiwa yamefika magotini. Tulimwona anasukuma baiskeli kwenye tope, suruali ameikunja, viatu vimefungwa kamba vinaning'inia shingoni. Watu waliacha majembe. Alisimama mbele ya kibanda cha Paskazia, ambaye alikuwa anakandika penye mlango, mikono matope mpaka viwikoni.

"Nimewatafuta," alisema.

"Wapi?" aliuliza Paskazia.

Ukweli tulishaujua kwa watu waliotoka huko. Mtu aliyejua kila lori lilikwenda wapi alikuwa katibu kata, yule mjinga mwenye mhuri, na mwalimu hakutaka kwenda kusimama mbele ya meza yake na kuuliza mke wangu yuko wapi. Alingoja aletewe. Alikaa katika nyumba mpya karibu na shule akingoja, kama mtu anayengoja chenji, mpaka wanafunzi walipokuja kutaja jina la Paskazia darasani.

"Hali zilikuwa ngumu," akasema. "Hata mimi nimepata hasara. Picha imeingia unyevu. Kona ya juu, pale penye moto, chaki imefutika kabisa."

Sikuamini masikio yangu. Mtoto wake alikuwa pale pale, amejishikiza kwenye nguzo, amekonda shingo kama ya kifaranga, na yeye anatusomea msiba wa karatasi.

Paskazia alicheka. Halikuwa cheko la furaha wala la wazimu. Lilikuwa lile wanalocheka wanawake kwao mnadani, mtu akileta ng'ombe kilema na kutaja bei ya mzima. "Pole sana," alisema. "Pole kwa kufiwa."

"Usinifanyie dhihaka mbele ya watu hawa."

"Watu hawa walimfunika mwanao."

"Fungasha, twende. Huwezi kuishi na washamba msituni."

"Mwalimu, mimi nilikuwa radhi kukaa nyuma. Ungesema tu, 'Paskazia, kaa nyuma ya lori na mtoto, nitapanda na wewe,' ningekaa juu ya hayo madawati na mvua ingetunyeshea wote, na picha yako ningeifunika kwa nguo yangu." Aliinama akachota tope. "Sasa nenda. Unanisimamia kwenye mwanga."

Akarudia kukandika. Mwalimu alisimama kidogo, akageuza baiskeli.

Mtu mwenye akili angeomba radhi. Yeye alimwita mkwewe. Alituma watu Mhunze wamwambie mzee Masele kwamba binti yake amekataa nyumba ya ndoa. Masele akaja kwa basi na fimbo yake na blanketi jekundu, akafikia kwanza kwetu, akakaa akimtazama mjukuu wake. Kisha akatuambia tumfuate, binti yake na mimi niliyeshuhudia, twende shuleni tukasikie shauri.

Marselino alikuwa ameandaa viti. Na juu ya kiti kimoja, aliiweka picha, ameiegemeza ukutani kama mgeni rasmi. Kweli ilikuwa na doa. Moto wa mji ulikuwa umegeuka ukungu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, nimeiweka hapa makusudi. Nadhani ukiiona utaelewa kwa nini siku ile niliamua nilivyoamua. Kitu hiki kina miaka mia mbili. Hakuna kingine mkoa mzima."

Masele alisogea. Hakuwa mtu wa haraka. Aliitazama picha kama anavyomtazama ng'ombe wa kununua, kwanza kwa mbali, kisha miguu, kisha macho.

"Mji unaungua?"

"Ndiyo, baba."

"Huyu ni mwenye nyumba?"

"Ndiyo."

"Ng'ombe wake wako wapi?"

"Hawapo kwenye picha, baba. Anaokoa miungu ya ukoo."

"Kumbe hivyo ni vinyago." Mzee alikaribia kioo. "Kijana ana mguu mzuri. Angeweza kubeba mtu." Kisha akamuuliza kwa sauti ya kutaka kujua kweli, "Na wewe, mwalimu, waliposema hadithi hii huko ulikosoma, walisema huyu alifanya vizuri?"

Marselino alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta. Sijui alikuwa anatafuta Kilatini au uongo. Alichosema hakikuwa chochote kati ya hivyo.

"Padri Gerardi," alisema, "ndiye mtu pekee aliyewahi kuniambia nina akili. Waliponifukuza kule, wote walinigeuzia mgongo. Yeye alinipa hii. Hakumpa mwingine."

Nilikaribia kumwonea huruma. Neno waliponifukuza hatukuwahi kulisikia kinywani mwake. Hata Paskazia aliinua macho, na kwa kitambo kidogo nilidhani mambo yatageuka, kwamba atasema naye neno la upole. Lakini mwalimu hakuweza kuacha hapo. Akajifuta uso, akakaza shingo yake, akaongeza, "Sitegemei watu wa ng'ombe mlielewe hilo."

Masele alitikisa kichwa taratibu. Akamgeukia binti yake. "Mimi nilidhani nimekuoza kwa mwanamume. Kumbe nimekuoza kwa mlinzi wa karatasi. Kosa ni langu, sikuuliza vizuri." Kwa mkwewe akasema, "Ng'ombe zako za mahari zitarudi. Hata zile zilizokufa zitarudi. Sitaki mtu aseme Masele alikula kitu chako."

Alitoka nje bila kuaga. Marselino alibaki amesimama kati ya viti vitupu, na mimi niliyekuwa wa mwisho kutoka nilimwambia, "Kwaheri, mwalimu." Nilimwambia mara moja. Hakuitika.

Baada ya hapo alihamishwa, au aliomba kuhamishwa, kwenda Shinyanga mjini. Alipanga chumba Ngokolo, akaendelea kufundisha. Huko nako, nilisikia, alijaribu kuitoa picha kwa parokia itundikwe ukumbini, na paroko akamwambia asante, ila wanakwaya ni mabinti, na huyu bwana amevaa kidogo mno. Akarudi nayo begani saa za mchana, watu wakiuliza anauza kioo bei gani. Hakuoa tena. Nani angemfaa?

Paskazia alibaki Mwisho wa Gari. Baba yake alitaka kumrudisha Mhunze akakataa, akasema ameshakandika. Mzee akamletea majike ya kuanzia, na miaka ilivyokwenda zizi lake likawa kubwa kuliko la mwanamume yeyote kijijini, jambo lililowaudhi wengi, naye akawadharau kwa kuudhika. Hata mimi hakuniacha. Hadi leo akipita kwangu anasema ukuta umepinda.

Limi alipoanza shule, mwalimu alianza kuja kila Noeli kumwona. Mara ya kwanza nilidhani Paskazia atamfukuza kwa mchi. Hakufanya hivyo, alifanya jambo zito zaidi. Alimpokea. Alitoka mpaka uani, akapiga goti kidogo, akasema, "Karibu, mwalimu, za safari?" Akamtolea kiti cha uvivu kile cha wageni, akamtandikia mkeka wa wageni, akamnawisha kwa birika, akamchinjia kuku na kumpa paja na firigisi, akaketi mbali kidogo kama mtu anavyoketi mbele ya mkaguzi wa elimu. Alimwuliza habari za mjini. Alimwuliza kama mvua imenyesha Shinyanga. Kila alichosema mwalimu aliitikia, "Kumbe," na "Hongera," na "Mungu akubariki."

Mwaka wa kwanza Marselino alifurahi, nadhani, maana alikula sana. Mwaka wa pili nilimwona anahangaika kitini. Mwaka uliofuata alinyanyuka mwenyewe akaenda jikoni akajichotee mboga, kama mtu wa pale, na Paskazia akamkimbilia akampokonya upawa kwa mikono miwili, kwa adabu ya ajabu, akisema, "Hapana, mwalimu, mgeni hajichotei. Watu watasema nini?"

Alirudi kukaa. Uso ulikuwa umemshuka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliniamkia yeye kwanza. "Shikamoo, Mama Apolonia," alisema, macho chini.

"Marahaba," nikamwambia, na hiyo nilikuwa ninastahili.

Jioni alipoondoka, Paskazia alimfungia michembe ya viazi vikavu kwenye mfuko na jogoo aliyefungwa miguu, vile mgeni anavyofungiwa. Limi, msichana mkubwa sasa, aliambiwa amsindikize baba yake hadi barabarani. Nilikuwa nimeketi kwangu nachambua choroko, nikawaona wanapita, yeye mbele, binti nyuma na jogoo kichwa chini. Walipofika kwenye mti wa kwanza mwalimu alisimama akamngoja amfikie, akanyoosha mkono kupokea jogoo. Limi akampa. Wakaendelea sambamba, na sikuona wakisema neno.

Paskazia alikuwa uani anakunja mkeka wa wageni. Aliukung'uta makombo, akauingiza ndani, akanipigia kelele kutoka mlangoni niache kutazama njia, ng'ombe wanarudi na ndama hawajafungwa.